Sili nyama, na sababu yangu ni mfumo dume

Nikisema sili nyama hapa Mwanza, watu hukisia mambo matatu. Wa kwanza ataniuliza kama nina presha au gauti, maana kwa wengi wetu nyama huachwa kwa amri ya daktari tu. Wa pili atataka kujua nasali wapi, kwa kuwa Wasabato wa Kanda ya Ziwa ni wengi na baadhi yao hawagusi nyama kabisa. Wa tatu hasemi kitu. Anadhani mambo yamenikalia vibaya, na kama ni mama lishe mwenye moyo mwema, ananiongezea mchuzi wa nyama juu ya maharage bila kuniambia. Ugonjwa, Usabato, umaskini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukisia kwamba niliacha nyama kwa sababu ya mfumo dume.

Basi niieleze sababu hiyo, kwanza kwa wanaharakati wenzangu wa haki za wanawake, kwa maana hata wao hawajaniafiki. Kwao habari ya kuacha nyama ni anasa ya watu walioshiba. Mjane wa Sengerema anafukuzwa kwenye shamba la marehemu mumewe, binti wa Ukerewe anaozeshwa kabla hajamaliza shule, nawe unatuletea habari za ng'ombe? Nalichukulia swali hilo kwa uzito. Wana haki ya kuliuliza. Ila nadhani wameliacha nje jambo ambalo wanalipakua wenyewe kila jioni.

Mwaka 1990 Mmarekani Carol J. Adams alichapisha kitabu kuhusu siasa ya jinsia iliyomo ndani ya nyama, na mpaka leo anayetaka kuzungumzia ufeministi na kutokula nyama huanzia kwake. Hoja yake, nikiifupisha, ni kwamba jamii iliyozoea kumgeuza kiumbe hai kuwa kitu, ikamkata vipande na kumla bila kumkumbuka, imejifunza pia kumtazama mwanamke hivyo hivyo: paja, kifua, nyonga. Akaonyesha kwamba nyama ni alama ya uanaume, na inapokuwa haba anayeila ni mwanaume. Akaongeza kwamba mayai na maziwa hutoka kwenye miili ya majike ambao uzazi wao umefanywa kiwanda.

Aliyekulia Usukuma hahitaji kitabu ili kuamini ile hoja ya nyama na uanaume. Pita stendi yoyote alfajiri uone nani wamekaa kwenye mabenchi ya supu ya makongoro, ambayo kila mtu atakwambia inajenga nguvu za kiume. Pita Buzuruga au Igoma jioni, uone nani wameketi kusubiri mbuzi aive. Mwanaume anakula choma njiani, anafika nyumbani ameshiba, na nyumbani sufuria la dagaa ndilo linalogawanywa kwa mama na watoto. Akichinjwa kuku, firigisi ina mwenyewe, na mwenyewe huyo hajawahi kuwa mama aliyemfuga, aliyemnyonyoa na kumpika. Watoto wa kike hujifunza jambo hili kabla ya kujua kusoma.

Adams hakuwa wa kwanza kuyaunganisha haya. Wanawake wa Uingereza waliopigania kura mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa na wenzao wengi wasiokula nyama, akiwemo Charlotte Despard, mmoja wa viongozi wa chama cha wanawake kilichoanzishwa 1907. Anayenigusa zaidi ni Lady Constance Lytton. Baba yake alikuwa mwakilishi wa malkia wa Uingereza kule India, kwa hiyo alizaliwa kwenye meza iliyojaa. Mwaka 1908, katika mji wa Littlehampton, aliona kondoo aliyekuwa akipelekwa machinjioni ametoroka, na watu wamemzunguka wakimcheka na kumdhihaki. Anasimulia kwamba pale ndipo alipoiona hali ya wanawake: namna wanavyodharauliwa na kuchekwa kwa unyonge ambao wengine wamewatwisha. Akajiunga na harakati. Januari 1910, akiwa amejificha kwa jina na mavazi ya mshonaji maskini ili asipendelewe kwa ukoo wake, alifungwa gereza la Liverpool, akagoma kula, na akalishwa kwa nguvu kwa mpira ulioingizwa kooni. Alipokamatwa awali kwa jina lake halisi walimpima moyo na kumwachia. Yule mshonaji maskini hawakujishughulisha kumpima.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi kwa sababu yote yamo: mnyama aliyedhihakiwa, mwanamke aliyekataa chakula, na dola iliyoona kinywa cha mwanamke huyo ni mali ya dola. Tena yamo na matabaka, ambayo huwa tunayasahau upesi.

Hata hao Wasabato wanaotajwa kila ninapokataa nyama wana mwanamke nyuma yao. Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa lao, alianza kufundisha mambo ya afya na ulaji baada ya njozi ya 1863. Yeye mwenyewe aliendelea kula nyama mara kwa mara, mpaka 1894 kule Australia, mwanamke mmoja Mkatoliki alipomsihi juu ya ubinafsi wa kuua wanyama kwa ajili ya ulimi. Hapo akaiondoa nyama mezani pake moja kwa moja. Wanawake wawili wa madhehebu yasiyopatana, na katikati yao mnyama. Natamani kisa hicho kihubiriwe zaidi huku kwetu.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na walimu wangu wa Ulaya na Marekani. Lytton na Despard walikataa nyama iliyokuwa imewekwa mbele yao. Wanawake wa ziwa hili, kwa sehemu kubwa, hawakuwekewa. Kule Buganda mila iliwakataza wanawake kuku, mayai na nyama ya kondoo. Kwa Wahaya wa Bukoba mwanamke aliwakusanya senene, akawachambua mbawa na miguu, akawakaanga, na akampelekea mume. Kuwala yeye ilikuwa mwiko. Mpaka leo utamsikia mama mkwe akimzuia mjamzito kula mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Jambo hili si la Afrika peke yake. Bengal, kule mashariki mwa India na Bangladesh, ni nchi ya mito na samaki kama kwetu, na mjane wa Kihindu wa huko alinyang'anywa samaki na nyama siku mumewe alipokufa, akala mboga na wali mpaka mwisho wa maisha yake. Kutokula nyama kulikuwa adhabu yake ya kubaki hai.

Ukimwendea mwanamke wa namna hiyo na kumwambia ufeministi unamtaka aache nyama, umemrudisha palepale alipowekwa na ukoo. Mwanafalsafa Kathryn Paxton George, naye mfeministi, alisema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1994: kwamba wanaofundisha ulaji wa mboga kama wajibu wa kila mtu wanauchukulia mwili wa mwanaume mzima wa nchi tajiri kuwa kipimo, halafu mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na maskini wanaonekana wana kasoro. Adams na wenzake walimjibu vikali. Mimi, kwa hapa nilipo, nampa George nusu ya haki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana upungufu wa damu. Malaria imo, minyoo imo, kichocho cha ziwani kimo, uzazi wa karibu karibu umo, na sahani isiyo na chochote nayo imo. Mimi nanunua vidonge vya vitamini B12 famasi mjini, kwa sababu haipatikani kwenye mimea. Mwanamke wa kisiwa cha Ukara hana famasi hiyo.

Nusu nyingine simpi, kwa sababu chakula chetu si kinyonge hivyo. Kunde, choroko, njugu mawe, karanga, mgagani, nsansa, yaani majani yaliyokaushwa, iliyopikwa na karanga za kutwanga, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi: bibi zetu waliishi kwa hivi wakalima na wakazaa. Wataalamu wa lishe wanasema ndimu au chungwa pamoja na mlo husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde, na chai ya rangi inayonywewa juu ya chakula huyazuia. Jambo dogo kama hilo lingefundishwa kliniki kwa mkazo uleule wa kumwambia mama ale maini ambayo hana hela ya kuyanunua, tungekuwa mbali.

Kwa hiyo swali langu si kama nyama ni mbaya au nzuri mwilini. Nauliza nani anaamua kinachoingia kinywani mwa mwanamke. Aliyekatazwa yai na aliyelishwa kwa mpira wanakaa upande mmoja wa swali hilo. Ninayekataa kwa hiari yangu nakaa upande mwingine, na nilifika huku kwa sababu ya ng'ombe.

Dada yangu alipoolewa nilikuwa shule ya msingi. Mahari ililetwa asubuhi, ng'ombe wakasukumwa hadi uani, na wazee wa upande wetu wakaanza kuwazunguka. Waliwatazama kwato, wakawashika nundu, wakabishana juu ya mtamba mmoja kama amekwisha kufikia kuzaa. Mmoja walimkataa kwa kuwa alichechemea. Kila msomaji wa Usukuma anajua kinachofuata, kwamba idadi ya ng'ombe huendana na rangi ya binti, na mweupe huleta wengi zaidi. Dada yangu ni mweusi. Shangazi wawili walikuwa wakilizungumza jikoni waziwazi, kwamba kama angefanana na fulani zizi lingejaa. Dada alikuwa palepale, anasukwa, anasikia.

Mimi nilikuwa nabeba maji nikipita kati ya ua na jiko, na nilichokiona ni kwamba maneno ya uani na ya jikoni yalikuwa ni yaleyale. Umri, nyonga, rangi, uzazi, tabia ya upole. Mtamba na dada walitazamwa kwa jicho moja, na wote wawili jioni ile walikuwa waende kwenye boma ambalo hawakulichagua. Wale ng'ombe hawakukaa kwetu sana. Walimwoza kaka yangu. Na siku ileile dume mmoja alichinjwa kwa ajili ya wageni, wanawake wakampika tangu mchana, sinia za minofu zikatangulia kwa wazee na wakwe, na jikoni tukarudishiwa mifupa na mchuzi. Mama, aliyemzaa binti mwenyewe, alikula ugali na mchuzi akiwa amesimama.

Najua yapo ya kusema juu ya heshima ya mahari, na kwamba ng'ombe kwa Msukuma ni undugu. Wajomba zangu wamenieleza, nami nawasikiliza. Hata hivyo siwezi kuufuta ulinganifu ule. Siwezi kusimama kwenye semina ya jinsia nikasema mwili wangu si mali ya ukoo, usikaguliwe, usikadiriwe bei, tumbo langu lisiwe mtaji wa mtu, kisha nikatoka nje nikamkuta kuku amefungwa miguu, ananing'inia kichwa chini kwenye bodaboda tangu Magu, nikasema huyu yeye ni haki yake. Lugha ile niliyoikataa kwangu, naikataa na kwake. Sikumtaka mwingine yeyote afanye hivyo. Mimi niliona nisipofanya nitakuwa nimechagua nusu ya ninachokiamini.

Samaki ndio waliokuwa wagumu. Mama yangu alianika dagaa Igombe, na dagaa ndio walionisomesha. Mitumbwi ilitoka usiku wa giza na karabai, ikarudi alfajiri, na wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga majini na ndoo. Mwenye mtumbwi mwanaume, mwenye wavu mwanaume, wavuvi wanaume, na mwanamke huanzia pale mchangani: ananunua, anaanika, anageuza, anafukuza ndege, anaiombea mvua ichelewe. Mvua ikinyesha mzigo unaoza, na ulioharibika unauzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye mtaji hupewa samaki kwa hela. Asiye na mtaji huombwa kitu kingine. Wajaluo wa upande wa Kenya wana jina la biashara hiyo, jaboya, na huku kwetu inafanyika bila jina. Hapo ndipo utakapoyaona maandishi ya Adams yakitembea kwa miguu yake: mwili wa samaki na mwili wa mwanamke vikibadilishana mkono kwenye maji ya magoti.

Sasa mfuate huyo samaki. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka mno kufikia miaka ya 1980, akawamaliza furu wa aina nyingi ambao wanawake walikuwa wakiwapika nyumbani. Viwanda vya minofu vikaja Mwanza. Mnofu unapanda ndege kwenda Ulaya, na kilichobaki, kichwa na mifupa, ndiyo mapanki yanayokaangwa na wanawake kwenye moshi ili wauziane wao kwa wao. Dagaa nao, sehemu kubwa husagwa kuwa chakula cha kuku. Liangalie jambo hili taratibu. Mwanamke anaanika chakula bora kuliko vyote vilivyo karibu naye, kinapakiwa kwenye magunia, kinakwenda kulishwa kuku waliobanwa bandani, na kinarudi mjini kama chipsi kuku ambayo anayeinunua ni mwanaume mwenye mshahara. Njiani kimepungua, maana kuku hula kwanza ili aishi mwenyewe. Wanyama wawili wameteseka, na mtoto wa yule mama bado ana utapiamlo. Mtu akiniambia kuacha nyama hakuhusiani na ukombozi wa wanawake wa ziwa, namwonyesha safari ya gunia hilo.

Lakini siwezi pia kujifanya kwamba tatizo litaondoka wanawake wote wakila choroko. Lilipo ni kwenye umiliki. Mwaka uleule wa 1990, wakati kitabu cha Adams kinatoka Marekani, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu hapa Mwanza aliamua kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bibi Holaria, Mhaya, alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza akaliuza, na mpwa wake akaenda mahakamani kwa kuwa mila ya Kihaya ilimkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji alisema mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba na mikataba ambayo Tanzania imeridhia, na mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume. Maandishi hayo mawili ya mwaka mmoja nayaweka pamoja kila ninapofikiri. Bibi mwenye shamba lake ndiye anayeweza kuamua apande nini, ale nini, amnyime nani. Bila shamba, uamuzi wake wa kula au kutokula nyama ni mapenzi ya mtu mwingine.

Nina kikundi cha vikoba na wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wengi rika la mama yangu. Siwahubirii. Wanajua sili nyama wala samaki, wananitania, wananiwekea kunde. Tunachozungumza ni nani anakula wa mwisho nyumbani na kwa nini. Mwenzetu mmoja alipokuwa mjamzito na mama mkwe wake akamkataza mayai ya kuku anaowafuga mwenyewe, nilikwenda nikakaa na yule mama. Nilimwamkia kama inavyopasa, nikamweleza habari za damu na mtoto, na nikayachemsha mayai kwa mikono yangu. Rafiki yangu mmoja wa Dar, asiyekula chochote cha mnyama, aliona nimejikana. Sioni hivyo. Aliyenyimwa yai hajakataa yai, na mpaka alipate hana cha kukataa.

Baada ya hapo kikundi kilikubaliana kuwa kuku akiuzwa, hela inaandikwa kwenye daftari la aliyemfuga. Imeleta ugomvi kwenye nyumba kadhaa na tumeusimamia.

Sasa tunazungumzia mtumbwi. Kule Nduru, karibu na Kisumu, kikundi cha wanawake kilianza kupata mitumbwi yake mwaka 2011 ili wasilazimike kulipa kwa miili yao, na hata mafuriko ya 2020 yalipowaharibia, walichokithibitisha hakikuharibika: mwenye mtumbwi haombwi kitu mchangani. Wenzangu wameulizia bei ya mbao, injini na nyavu, na hisa zetu hazijafika. Waliniuliza kama nitachangia, kwa kuwa ni mtumbwi wa kuvua, na mimi ni mtu wa namna yangu. Nimewaambia sitakula hata dagaa mmoja atakayetoka humo, na hisa zangu zote ziingie.